Samaki Aliyepoteza Hofu: Viuatilifu Vidogo Majini Hufanya Nini Kwenye Ubongo wa Samaki

Mkulima amepiga dawa kwenye nyanya asubuhi. Jioni mvua imenyesha, na maji ya shambani yameteremka hadi kwenye bwawa la samaki lililo chini ya mteremko. Kesho yake anazunguka bwawa akitafuta samaki walioelea, hakuna hata mmoja. Anahitimisha kuwa dawa haikufika, au imefika kidogo mno kiasi cha kutoleta madhara.

Hitimisho hilo lina kasoro kubwa. Samaki anaweza kuogelea, akala, akaonekana mzima, na bado sehemu ya mfumo wake wa fahamu ikawa imelemaa. Hasikii tena harufu ya adui. Anachelewa kukimbilia chakula. Dume hapati habari kwamba jike yuko tayari kutaga. Sumu yenyewe haimuui: huliwa na kambale au mnandi, au hudumaa, au hukosa kuzaa, na hakuna anayeandika popote kwamba chanzo kilikuwa ile dawa ya nyanya. Ndiyo maana uchafuzi wa aina hii ni mgumu kuukamata, na ndiyo maana inafaa kuueleza hatua kwa hatua, kuanzia kwenye neno lenyewe "kidogo".

Kidogo ni kiasi gani?

Mabaki ya viuatilifu majini hupimwa kwa mikrogramu kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukichukua robo kijiko cha chai cha sukari, takriban gramu moja, ukaikoroga kwenye bwawa lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 20 na kina cha mita 2, utapata maji yenye mikrogramu 1 ya sukari kwa kila lita. Hakuna ulimi utakaoitambua. Kwa sukari haina maana yoyote. Kwa viuadudu vilivyoundwa mahsusi kuvuruga neva, ina maana kubwa.

Sasa tuingie kwenye bwawa la kawaida la mfugaji: mita 20 kwa 15, kina mita 1, yaani lita 300,000. Klopirifosi, kiuadudu kilichozoeleka kwa miaka mingi, huja mara nyingi katika ujazo wa gramu 480 za kiambato amilifu kwa lita. Mililita 10 zilizoganda chini ya chupa iliyotupwa zina gramu 4.8. Zikiingia zote kwenye bwawa hilo, maji yanakuwa na mikrogramu 16 kwa lita. Mililita 1 tu inatosha kuleta mikrogramu 1.6. Na ukichanganya mililita 40 kwenye bomba la mgongoni la lita 20, ile nusu lita inayobaki chini ya bomba na kumwagwa mtoni wakati wa kuosha ina gramu 0.48, kiasi kile kile cha mililita 1 ya dawa kali. Kweli si yote itakayobaki ndani ya maji, kwa kuwa klopirifosi hupenda kung'ang'ania tope na mabaki ya mimea. Hata hivyo saa za kwanza ndizo zenye hatari zaidi, na hapo sehemu kubwa bado inaelea.

Ikumbukwe namba hiyo ya 1.6. Tutairudia.

Kinachotokea kati ya neva na neva

Neva mbili haziunganiki moja kwa moja. Kati yao kuna mwanya mwembamba mno, na ujumbe huvuka kwa kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini. Neva ya kwanza inaimwaga, ya pili (au msuli) inaipokea na kutenda. Lakini ujumbe ukishafika lazima ufutwe upesi, la sivyo msuli utaendelea kupokea amri ile ile bila kukoma. Kazi ya kufuta hufanywa na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho huikata asetilikolini vipande viwili kwa kasi ya ajabu.

Viuadudu vya kundi la oganofosfeti, kama klopirifosi, diazinoni, malathioni, profenofosi na fenthioni, pamoja na vya kundi la kabameti, kama kabarili na kabofurani, huenda kujibandika mahali pale pale ambapo kimeng'enya hukatia asetilikolini. Kimeng'enya kinaziba. Mdudu aliyelengwa hutukutika na kufa. Samaki ana kimeng'enya hicho hicho, kinachofanya kazi kwa njia hiyo hiyo; hakuna kinachomtofautisha na kiwavi machoni pa dawa.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui. Klopirifosi, diazinoni na malathioni, jinsi zinavyotoka kwenye chupa, si kali sana kwa kimeng'enya. Zinapoingia mwilini, ini huzishughulikia kama linavyoshughulikia takataka nyingine: linaondoa chembe ya salfa na kuweka oksijeni mahali pake. Kinachotoka ni kemikali mpya, kali kuliko ya kwanza mara nyingi. Ini la samaki lenyewe ndilo linalonoa kisu. Kwa kuwa kazi ya ini huongezeka maji yanapopata joto, oganofosfeti nyingi huwa hatari zaidi kwenye bwawa lenye joto kuliko kwenye kijito baridi cha mlimani.

Dozi kubwa hujionyesha. Samaki hutukutika, huogelea kwa kujizungusha, uti wa mgongo hupinda, na wengi hufa mapezi ya ubavuni yakiwa yamevutwa mbele kabisa kuelekea kichwani, dalili ambayo wachunguzi wa vifo vya samaki huitafuta kwa sababu sumu za kundi hili huiacha mara kwa mara. Dozi ndogo huziba sehemu tu ya vimeng'enya. Vilivyobaki vinaendelea na kazi, ila kwa kuchelewa.

Kuchelewa huko kumepimwa. Watafiti wa Marekani waliwaweka vifaranga wa salmoni (samaki wa maji baridi) aina ya coho kwa siku 4 kwenye maji yenye klopirifosi ya viwango tofauti. Katika mikrogramu 0.6 kwa lita, kazi ya kimeng'enya ubongoni ilishuka kwa asilimia 23. Katika mikrogramu 2.5 ilishuka kwa asilimia 64. Na kadiri kimeng'enya kilivyoshuka, ndivyo samaki walivyopunguza kuogelea na kupunguza mara za kurukia chakula, hatua kwa hatua, bila ngazi salama iliyoonekana katikati. Bwawa letu lenye mikrogramu 1.6 liko ndani kabisa ya eneo hilo.

Swali linalofuata ni lini samaki hupona. Kwa kabameti, jibu ni zuri kiasi: dawa hujibandua yenyewe, na kimeng'enya hurudi kazini ndani ya saa kadhaa hadi siku chache. Kwa oganofosfeti, mbano huzidi kukaza kadiri muda unavyopita, hadi unakuwa wa kudumu. Samaki hana njia ila kutengeneza kimeng'enya kipya, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Linganisha na ratiba ya shambani. Mkulima wa nyanya anayepambana na kantangaze au inzi weupe mara nyingi hupiga kila baada ya siku 7, na wakati wa mvua huongeza. Samaki aliye chini ya shamba hilo hupokea dozi ya pili kabla hajamaliza kulipia ya kwanza. Vipimo vya maji vinaweza kuonyesha kila mara kiwango kidogo. Deni la ubongoni linajumlishwa.

Pua iliyozibwa

Samaki hatumii pua kupumua. Tundu za puani zinaingiza maji kwenye kifuko chenye mikunjo midogo kama petali za ua, na juu ya mikunjo hiyo neva za kunusa ziko wazi, zimefunikwa na utando wa ute tu. Hakuna ngozi, hakuna damu ya kuchuja. Neva hizo zinakwenda moja kwa moja ubongoni. Kemikali yoyote iliyomo majini inagusa mfumo wa fahamu bila kupita kwanza kwenye damu. Kwa hiyo pua mara nyingi huharibika kwa viwango vilivyo chini ya vile vinavyodhuru msuli au ini.

Na samaki huitegemea pua kuliko tunavyodhani. Mwaka 1938 Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria, alieleza kwamba ngozi ya samaki wadogo fulani ikichubuka hutoa kitu majini kinachowafanya wenzake watawanyike au wajifiche. Uwezo huo upo kwa samaki wa jamii ya kambale na kuyu, na hali inayofanana na hiyo ipo kwa salmoni na wengineo. Aliyeng'atwa anawatangazia wenzake kwa harufu.

Nathaniel Scholz na wenzake wa Seattle walilitumia jambo hilo kupima diazinoni, matokeo wakayachapisha mwaka 2000. Waliwaweka salmoni wachanga aina ya chinook kwa saa 2 kwenye maji yenye diazinoni, kisha wakawatilia maji yaliyochanganywa na ngozi ya salmoni iliyosagwa. Samaki mzima akisikia harufu hiyo huganda: anaacha kuogelea, anaacha kula, anatulia karibu na chini. Waliokuwa kwenye mikrogramu 1 kwa lita waliendelea kuzurura na kurukia chakula kama kwamba hakuna kilichotokea. Kwa mtu anayetazama kutoka nje, samaki hao wangeonekana wachangamfu kuliko wale walioganda. Uchangamfu huo ndio ugonjwa wenyewe. Katika mikrogramu 10, salmoni wakubwa waliotambulishwa kwa alama na kuachiwa chini ya mto walipungua katika kurudi kwenye kituo walichokulia, kwa kuwa salmoni huitafuta njia ya nyumbani kwa kunusa.

Kwa nini salmoni, na kwa nini diazinoni? Kwa sababu kwenye mabonde ya California mashamba ya lozi na matunda yalikuwa yakipigwa diazinoni wakati wa baridi, na mvua za Januari na Februari ziliisukuma hadi mito ya Sacramento na San Joaquin, ambamo salmoni hupita. Hoja hizi zilifika mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya shirikisho mjini Seattle iliamuru kwamba kando ya mito ya salmoni, viuatilifu kadhaa visipigwe ndani ya yadi 20 kutoka majini kwa bomba la ardhini, wala ndani ya yadi 100 kwa ndege. Ni takriban mita 18 na mita 91. Namba hizo zinafaa kukumbukwa na yeyote anayelima kando ya mto, awe na sheria inayomlazimisha au asiwe nayo.

Nchini Uingereza, Andrew Moore na Colin Waring walichunguza upande wa uzazi. Jike la salmoni wa Atlantiki humwaga majini feromoni, harufu inayomwandaa dume kutoa mbegu wakati mmoja na mayai. Diazinoni ya mikrogramu 1 kwa lita ilipunguza uwezo wa pua ya dume kuitambua. Kisha wakapima sipamethrini. Baada ya siku 5, kiwango cha chini ya mikrogramu 0.004 kwa lita kilitosha kuidhoofisha pua hiyo. Hiyo ni gramu moja kwenye lita milioni 250.

Tuendelee na sipamethrini, maana inatuhusu sana.

Dawa rafiki kwa mtu, adui kwa samaki

Pareto ya Mufindi na ya nyanda za juu za Kenya imetumika kuua wadudu tangu zamani. Viwanda viliiga umbo la sumu yake na kuiimarisha isivunjwe upesi na jua: ndiyo sipamethrini, deltamethrini, pamethrini na lambda-sihalothrini, ambazo huitwa kwa pamoja piretroidi. Ziko kwenye dawa za mboga, kwenye vyandarua, kwenye dawa za kupulizia mbu, na kwenye majosho ya ng'ombe. Hazigusi asetilikolinesterasi. Zenyewe hushikilia wazi milango ya sodiamu kwenye ukuta wa neva, na neva ambayo milango yake haifungi hurusha ujumbe mfululizo hadi inachoka.

Mtu na ng'ombe huzivunja piretroidi haraka kwa vimeng'enya vya ini. Samaki huzivunja polepole sana. Hapo ndipo kosa linapozaliwa: lebo inasema sumu ni ndogo kwa binadamu, mtumiaji anaelewa ni ndogo kwa viumbe vyote. Uingereza ilijifunza kwa gharama. Majosho ya kondoo yalikuwa yakitumia diazinoni, wafugaji wakaugua, wengi wakahamia sipamethrini. Mito ikaanza kupoteza wadudu wa majini kilomita nyingi chini ya majosho, hadi mwaka 2006 uuzaji wa sipamethrini ya kuogeshea kondoo ukasimamishwa. Josho lolote linalomwaga maji yake machafu kwenye korongo linaloelekea bwawani lina hatari hiyo hiyo, na ng'ombe anayetoka joshoni akiwa analowa na kwenda moja kwa moja kunywa mtoni anabeba dozi mgongoni.

Faida moja ya piretroidi ni kwamba hunata kwenye tope upesi. Hasara yake ni kwamba sato na kambale hutafuta chakula kwenye tope hilo hilo.

Shaba nayo isisahaulike. Mrututu na dawa nyingine za shaba zimepigwa miaka mingi kwenye kahawa dhidi ya kutu ya majani na chulebuni, na kwenye nyanya dhidi ya bakajani. Shaba haiozi wala haivunjiki. Inaziua neva za kunusa zenyewe, na kwa salmoni wachanga wa coho saa 3 kwenye shaba iliyoongezeka kwa mikrogramu 2 tu kwa lita zilitosha kupunguza uwezo wao wa kunusa na kuganda mbele ya harufu ya hatari. Maji yenye rangi ya chai, yaliyojaa masalia ya majani yaliyooza, huifunga shaba na kumkinga samaki kwa kiasi. Maji meupe ya kijito cha mlimani hayana kinga hiyo.

Zaidi ya asetilikolini

Ubongo wa samaki una kemikali nyingine za kupeleka ujumbe, yaani dopamini, serotonini na GABA, kama wetu. GABA ndiyo breki ya ubongo. Viuadudu vya endosulfani na fipronili huikata breki hiyo kwa kuziba milango ya kloraidi inayofunguliwa nayo. Neonikotinoidi, kundi jingine la viuadudu, mathalani imidaklopridi, hujifanya asetilikolini na kukaa kwenye vipokezi vyake, ingawa vipokezi vya wadudu huzinasa vizuri zaidi kuliko vya samaki.

Mabadiliko yanayotia wasiwasi zaidi ni yale yanayotokea ubongo ukiwa bado unajengwa. Kabla ya kuwa wajumbe, kemikali hizi huziongoza seli za neva kuhusu wapi pa kukaa na nani wa kuungana naye. Kwenye maabara, mayai na vifaranga wa samaki milia, Danio rerio, waliwekwa kwenye klopirifosi siku 5 za mwanzo tu, kisha wakalelewa kwenye maji safi. Walipopimwa wakiwa wakubwa, miezi kadhaa baadaye, walikuwa wazito wa kujifunza upande upi wa tangi ni salama. Viwango vilikuwa mikrogramu 10 na 100 kwa lita, vya juu kuliko vingi vinavyopatikana mitoni, lakini rudi kwenye ile chupa yenye mililita 10: bwawa lilifika 16.

Sato hulea mayai na vifaranga mdomoni mwa jike. Maji yanayopita mdomoni mwake wakati wa kupumua yanapita juu ya mayai hayo hayo. Dume kwa upande wake huchimba kiota kama sahani kwenye tope la maji mafupi kando ya bwawa, mahali ambapo maji ya shambani huingilia. Kwa perege wa Msumbiji, ndugu wa karibu wa sato, imethibitika kwamba dume hutangaza ubabe wake kwa harufu iliyomo kwenye mkojo wake, na wapinzani hupima harufu hiyo kabla ya kuamua kupigana. Vipimo vingi vya pua vilivyotajwa hapo juu vimefanywa kwa salmoni, samaki wa maji baridi. Lakini mahali pa hatari ni pale pale: pua iliyo wazi, mwanya wa neva, yai changa.

Mchanganyiko una hesabu yake. Mtoni hakuna sumu inayosafiri peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa salmoni wa coho oganofosfeti na kabameti, dawa mbili mbili kwa pamoja. Ilitarajiwa madhara yajumlishwe. Baadhi ya jozi, hasa zile zenye malathioni pamoja na diazinoni au klopirifosi, zilizidi jumla kwa mbali, na samaki walikufa kwa viwango ambavyo kila dawa ikiwa peke yake haikuua. Sababu inayokubalika ni kwamba dawa moja inavilemaza vimeng'enya vinavyomsaidia samaki kuvunja ya pili. Kuchanganya dawa mbili tofauti kwenye bomba moja, desturi iliyoenea kwa wakulima wa mboga, kunaleta mchanganyiko wa namna hiyo shambani kwetu.

Pia kuna njia isiyopita kwenye ubongo kabisa. Kwenye ziwa Shinji nchini Japani, neonikotinoidi zilianza kutumika kwenye mpunga mwaka 1993. Vijidudu vinavyoelea majini vilipungua, na uvuvi wa samaki mdogo wakasagi ukaanguka kutoka wastani wa tani 240 kwa mwaka hadi 22. Kwa maelezo ya watafiti, samaki hawakupigwa na sumu moja kwa moja, walikosa chakula. Anayefuga kwa kutegemea maji ya kijani yenye chakula asilia afikirie mfano huu.

Mbona vipimo havioni?

Kipimo cha kawaida cha sumu kwa samaki huchukua saa 96 na hutafuta kiwango kinachoua nusu yao. Kinasema lini samaki hufa. Hakiulizi kama ananusa. Upande wa maji, sampuli huchukuliwa mchana, siku ya kazi, labda mara moja kwa mwezi. Wimbi la sumu hufika na mvua ya kwanza baada ya kupiga, mara nyingi usiku, na hupita ndani ya saa kadhaa. Maji ya Jumanne ni safi. Samaki wa Jumanne ana kimeng'enya kilichoshuka tangu Jumamosi.

Tulizoea kuogopa sumu ya wazi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa viuatilifu, na mjadala wote ulikuwa juu ya mlaji: je, minofu ni salama? Ni swali la haki. Lakini hata minofu ikiwa safi kabisa, swali la samaki mwenyewe linabaki. Vivyo hivyo fenthioni inapopigwa kwa ndege dhidi ya kwelea kwelea kwenye matete waliyolala, kandokando ya mashamba ya mpunga, maji yaliyo chini ya matete hayo hupokea oganofosfeti siku hiyo.

Njia ya uhakika ni kupima kimeng'enya kwenye ubongo wa samaki. Mbinu ya Ellman ya mwaka 1961 bado inatumika: ubongo husagwa, huwekewa kemikali inayofanana na asetilikolini, na rangi ya manjano inayotokea hupimwa kwa mashine kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 412. Manjano ikikolea polepole, kimeng'enya kimezibwa. Matokeo hayana maana bila samaki wa kulinganisha, wa aina ile ile, ukubwa ule ule, kutoka bwawa safi lenye joto lile lile. Kushuka kwa asilimia 20 huchukuliwa kuwa ishara ya kukutana na sumu. Samaki agandishwe mara moja. Akikaa kwenye ndoo hadi jioni, kabameti itakuwa imeshajibandua na jibu litatoka "salama" kwa uongo.

Mfugaji asiye na maabara

Ana kipimo kizuri mkononi: chakula. Wiki mbili kabla ya msimu wa kupiga dawa, toa kila siku chakula kile kile, uzito ule ule, tuseme gramu 200, saa ile ile. Andika sekunde kutoka chakula kinapogusa maji hadi samaki wa kwanza anaporuka, na dakika hadi kiishe. Andika na joto la maji, kwa kuwa sato hupunguza kula likishuka chini ya nyuzi 20. Ukishakuwa na kawaida ya bwawa lako, siku ambayo muda unaongezeka maradufu na hali ya hewa haijabadilika, kuna jambo. Pitisha pia mkono au kofia juu ya maji ili kivuli kiwapite vifaranga. Wanapaswa kuzama papo hapo. Wasiposhtuka, chunguza nani amepiga dawa juu ya mteremko.

Usichanganye na ukosefu wa oksijeni. Oksijeni ikipungua, samaki wote hupanda juu kuvuta hewa alfajiri, hali hupoa jua likipanda, na wakubwa hufa kwanza. Sumu huja saa yoyote, wadogo hutangulia, na kabla yao utaona wadudu wa majini na uduvi wamekufa au wanajipindapinda pembeni.

Kinga ni kazi ya mikono zaidi kuliko fedha. Chimba mtaro wa kukinga juu ya bwawa ili maji ya shamba yapite kando, na funga lango la maji kabla ya mvua ya kwanza baada ya kupiga. Acha ukanda wa nyasi ndefu usiolimwa kati ya shamba na maji. Kwenye majaruba, shikilia maji baada ya kupiga badala ya kuyafungulia mtoni kesho yake. Wakulima wa mpunga wa bonde la Sacramento huyashikilia kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa, kulingana na dawa, ili ivunjike ndani ya jaruba. Mwombe jirani wa juu akupe habari siku moja kabla hajapiga.

Na chupa ioshwe mara tatu, shambani, si mtoni. Tia maji robo ya chupa, funga, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya bomba pamoja na dawa unayokwenda kupiga. Rudia mara mbili zaidi, kisha itoboe isije ikabebewa maji ya kunywa. Hesabu yake ni hii: zikibaki mililita 10 kila unapomimina, mililita 250 za maji (robo ya chupa ya lita moja) zinaipunguza dawa mara 26 kwa kila suuzo. Suuzo tatu zinaipunguza mara 17,576. Zile gramu 4.8 zinabaki miligramu 0.27, na kama mvua itaisomba chupa hiyo hadi kwenye bwawa la lita 300,000, maji hayatafika hata elfu moja ya mikrogramu kwa lita, badala ya 16.